Maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi kwa macho ya mwenye duka la zawadi

Mwenye duka la zawadi mjini Arusha ana njia tatu za kupata bidhaa. Anaweza kumsubiri mchuuzi aingie dukani na mzigo wake begani. Anaweza kwenda Mto wa Mbu, Mwenge au Nairobi akanunue kwa madalali. Au anaweza kufunga safari mpaka kwa fundi mwenyewe, safari ambayo mara nyingi hugharimu kuliko faida ya mzigo. Kwa miaka mingi nilitegemea njia mbili za kwanza, na matokeo yake yalionekana kwenye rafu zangu: twiga walewale wa mti, bangili zilezile na sahani zilezile ambazo mgeni alikuwa ameshaziona katika maduka matatu kabla ya kufika kwangu. Maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo yaliyonitoa katika hali hiyo. Nimeyahudhuria mara mbili, Mwanza mwezi Desemba 2021 na Kampala mwezi Desemba 2022, na mara zote mbili nilikwenda kununua kwa ajili ya duka. Kwa hiyo tathmini hii nimeiandika kwa kipimo cha mnunuzi wa jumla, na yeyote aliyekwenda kutembea na familia yake anaweza kuwa na maoni tofauti kabisa.

Maonyesho haya yalianzia Arusha mwaka 1999, mwaka uleule ambao Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ulitiwa saini, na tangu hapo yamekuwa yakizunguka katika miji ya nchi wanachama. Jina lake limeunganisha maneno ya pande mbili za mpaka. Kenya fundi anayefanya kazi nje, bila paa wala kiyoyozi, huitwa wa jua kali. Tanzania tulikuwa na msamiati wetu wa nguvu kazi. Siku hizi jina rasmi linataja pia wajasiriamali wadogo na wa kati, na wanaoyaandaa ni shirikisho la vyama vya sekta isiyo rasmi vya Afrika Mashariki pamoja na Sekretarieti ya Jumuiya na serikali ya nchi mwenyeji. Nalieleza hili kwa sababu linamsaidia mnunuzi kujua atakachokikuta. Haya si maonyesho ya sanaa peke yake. Ukishuka uwanjani utakuta majiko banifu, mashine za kukamua alizeti, asali, mvinyo wa ndizi, viatu, dawa za asili na sabuni, na katikati ya hayo yote wamo wasusi, wachongaji na wafinyanzi unaowatafuta. Asubuhi ya kwanza ni vyema kuzunguka uwanja mzima bila kununua kitu, ukiwa na daftari tu, la sivyo utamaliza fedha katika safu ya kwanza.

Nikiri kwamba utajiri wa bidhaa ulinishangaza, ingawa nimekuwa katika biashara hii kwa muda mrefu. Waganda huleta vitambaa vya magome ya mutuba, ambavyo hutengenezwa kwa kubandua gome la mti na kulipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka lipate rangi ya udongo mwekundu na kulegea kama nguo. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na fundi huufunga mti majani ya mgomba baada ya kuubandua ili gome lipate kuota upya. Wanyarwanda huleta agaseke, vile vikapu vyenye mfuniko uliochongoka, na imigongo, ambayo ni michoro ya miraba na pembe iliyonyanyuliwa ubaoni kwa samadi ya ng'ombe na majivu kabla ya kupakwa rangi. Wakenya huja na viondo vya mkonge na bakuli za mawe ya Kisii kutoka Tabaka. Kwetu Tanzania kuna vikapu vya milulu, aina ya majani marefu ya kusukia, kutoka Iringa, mikeka ya ukili kutoka visiwani, vinyago vya mpingo na picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupaka baiskeli.

Hata hivyo, uzuri wa kitu bandani si uzuri wake dukani, na hapa ndipo mnunuzi wa duka la zawadi anapotakiwa kuutuliza moyo wake. Mteja wangu ni mgeni ambaye kesho au keshokutwa anapanda ndege. Wengi wao wameingia mbugani kwa ndege ndogo ambazo huruhusu kilo 15 tu za mzigo, tena katika begi laini lisilo na fremu. Kinyago cha mpingo chenye urefu wa mkono mzima kitamfanya asimame, akipapase, apige picha, kisha akirudishe rafuni. Bakuli kubwa la jiwe litafanyiwa vivyo hivyo. Lakini kitambaa cha gome la mutuba kilichoshonwa kuwa jalada la daftari, ubao mdogo wa imigongo wenye ukubwa wa kiganja, au kikapu kinachokubali kuwekewa soksi ndani na kubanwa bila kuvunjika, hivyo huondoka. Kuna pia wageni wanaotoka nchi kama Australia, ambako bidhaa za mti, mbegu na majani hukaguliwa uwanja wa ndege, na hao huuliza mapema iwapo mti umekauka na iwapo una matundu ya wadudu. Fundi anayejua majibu ya maswali hayo ananirahisishia kazi kuliko yule anayenipunguzia bei.

Tukio lililonifundisha zaidi lilitokea Mwanza, katika banda la kikundi cha wasusi kutoka Iringa. Nilikuwa nimeshika kikapu nikitazama ua la rangi ya zambarau lililosukwa ubavuni. Mama mtu mzima aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, milulu ikiwa imelowekwa katika beseni miguuni pake, alinitazama kwa muda. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu. Lakini usitazame ua. Geuza utazame kitako."

Nikageuza. Akaninyang'anya kwa upole, akakikandamiza kitako kwa kidole gumba pale kati, mahali ambapo ususi wote huanzia, kisha akakiweka juu ya meza na kukisukuma kwa ncha ya kidole. Hakikuyumba. Akachukua kingine kutoka kwenye rundo lake mwenyewe, akakisukuma vilevile, kikatikisika kidogo kama sufuria yenye kitako kibovu, akakiweka pembeni. "Hiki nitauza hapa kwa bei ndogo, wewe usikichukue," akasema. Alinieleza kwamba duru za mwanzo zikilegea, hakuna rangi itakayokiokoa kikapu. Na kwamba milulu iliyosukwa kabla haijakauka vizuri huota ukungu ikifungiwa kwenye boksi, ingawa siku ya kuinunua huonekana mizuri. Hayo sikuwahi kuelezwa na dalali yeyote, na wala simlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe hununua rundo lililofungwa.

Huo ndio ubora mkuu wa maonyesho haya, nao unatosha kunirudisha. Katika siku mbili unakutana na mikono iliyotengeneza bidhaa kutoka nchi kadhaa, unauliza maswali ambayo hayana majibu sokoni, na unamwona fundi akichambua kazi yake mwenyewe mbele yako.

Udhaifu wake upo upande wa bei na oda, na ni udhaifu unaotuhusu sisi wanunuzi sawasawa na wazalishaji. Nilimuuliza yule mama bei ya kikapu cha kati, akasema shilingi 20,000. Nikamuuliza kama ningechukua 60. Akanitazama kwa mshangao. "Ni hiyohiyo mwanangu. Kwani nikisuka 60 mikono inapumzika?"

Jibu lake lilikuwa na haki ndani yake, nami sikulipinga. Nililolifanya ni kuomba kigoda cha pili tukahesabu pamoja. Tulihesabu siku za kukata milulu, siku za kuanika, rangi, siku tatu za kusuka, kisha nauli ya kutoka Iringa hadi Mwanza na gharama za kula na kulala kwa muda wote wa maonyesho. Ilibainika kwamba sehemu kubwa ya ile 20,000 ililipia safari, na kwamba kikapu kitakachosukwa nyumbani na kusafirishwa kwa basi kisingebeba gharama hiyo. Nami nilimweleza upande wangu: duka linalolipa kodi ya pango, mshahara wa msaidizi na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haliwezi kuuza kitu chini ya mara mbili ya bei ya kununulia, na mgeni akiona kikapu kinazidi kiasi fulani hukiacha. Tukakubaliana shilingi 16,000 kwa kila kimoja, nusu ikilipwa palepale. Hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Mazungumzo kama hayo yalipaswa kuwa ndiyo kazi kuu ya maonyesho, lakini wazalishaji wengi niliowakuta hawakuwa wameyajia. Wengi walikuja kuuza walichobeba. Fundi aliyekuja na bidhaa 40 na kurudi na 3 huhesabu kwamba maonyesho yamemwendea vizuri, na aliyerudi na 30 huona amepata hasara, hata kama mfukoni ana majina ya wenye maduka watano ambao wangenunua kwake mwaka mzima. Mnunuzi wa jumla naye anapofika bandani hukuta bidhaa nzuri zimekwisha kuuzwa rejareja kwa wapita njia, na fundi hana hata sampuli moja aliyoibakiza ya kuonyesha. Nilimwona kijana mchongaji akiuza sampuli yake ya mwisho huku mwenye duka mmoja akiwa amesimama palepale akiulizia vipande 100. Sikuona vyema kuingilia, lakini niliondoka pale na uchungu.

Kwa sababu hiyo ningependa sana kuona saa chache za asubuhi, hata kwa siku mbili tu, zikitengwa kwa ajili ya wanunuzi wa maduka na hoteli kabla umati haujaingia. Maonyesho makubwa ya bidhaa za nyumbani na zawadi kama Ambiente ya Frankfurt huingiza wafanyabiashara peke yao. Sisemi tufike huko, kwa kuwa umati wa rejareja ndio unaomrudishia fundi wetu nauli, na kumnyima huo kungekuwa kumwonea. Ninachokiomba ni saa mbili au tatu za utulivu, pamoja na orodha ya washiriki iliyopangwa kwa aina ya bidhaa, ili anayetafuta vikapu ajue wasusi wote walipo bila kupita katika mabanda ya mafuta ya alizeti.

Jambo la tarehe nalo linahitaji kueleweka. Mara zote mbili nilizokwenda ilikuwa Desemba, na mwenye duka anayekwenda akitarajia kujaza rafu za Krismasi atakuwa amechelewa, kwa sababu mzigo wa Krismasi ulitakiwa uwe dukani tangu Novemba. Lakini kwa anayetoa oda, Desemba ni mwezi mzuri kuliko wote. Msusi anayepokea oda mwezi huo ana miezi mitano mbele yake. Masika ya Aprili na Mei, wageni wanapokuwa wachache, ndiyo wakati wa kupokea mzigo, kuukagua na kuubandika bei, ili Juni msimu unapofunguka uwe rafuni. Tangu nilipoanza kuhesabu hivyo sijawahi tena kumharakisha fundi, na fundi asiyeharakishwa hasuki kwa milulu mibichi.

Mzigo wa nje ya nchi si mgumu kama wengi wanavyodhani. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani zinaweza kuvuka kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa mpakani, mradi ziwe katika orodha iliyokubaliwa. Ni wenye maduka madogo ndio wanaofaidika zaidi na utaratibu huu, kwa maana oda zetu ni ndogo, na bado wengi wetu tunaendelea kununua viondo kwa mtu wa tatu tukiamini kwamba mpakani Namanga au Sirari hakupitiki bila wakala. Uliza bandani kama fundi amewahi kukitumia cheti hicho. Akiwa amewahi, nusu ya wasiwasi wako umekwisha.

Nina funzo moja lililonigharimu, nalo sitalihusisha na mtu wala kikundi chochote kwa jina. Katika safari yangu ya kwanza nilitoa oda ya bakuli 80 za mawe kwa maneno ya mdomo: "kama hili hapa." Mzigo ulipofika, bakuli zilikuwa za ukubwa wa namna nne, na 11 zilikuwa zimevunjika kwa kuwa zilifungwa kwa gazeti peke yake, jiwe likigusa jiwe. Fundi hakuwa mwizi, alitengeneza alichokumbuka. Kosa lilikuwa la namna tulivyoagizana. Kampala nilikwenda nikiwa na rula, kalamu isiyofutika na fomu ya ukurasa mmoja. Kwa kila oda tulichukua sampuli mbili zinazofanana, tukaandika vipimo kwa sentimita, sote wawili tukatia saini kwenye kitako cha kila moja, yeye akabaki na yake nami nikaondoka na yangu. Fomu ilitaja rangi, idadi, tarehe, malipo ya awali na namna ya kufunga mzigo. Kuna fundi aliyenishukuru kwa karatasi hiyo kuliko alivyonishukuru kwa fedha, akisema ni mara ya kwanza kupewa kitu cha kwenda kuwaonyesha wenzake kikundini.

Ufungashaji na lebo ndiko ambako nimeona maendeleo yasiyolingana. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na kwetu Juni 2019, mafundi wengi walihamia mifuko ya karatasi na ya kitambaa, na bidhaa zikapendeza. Lakini lebo bado ni chache, na zilizopo nyingi zina namba ya simu tu. Mgeni hahitaji namba ya simu ya msusi. Anataka kujua kikapu kimesukwa wapi, kwa majani gani na kwa siku ngapi, maana hayo ndiyo atakayomsimulia atakayempa zawadi. Vikundi vilivyopitia mafunzo ya SIDO, shirika la Tanzania la kuhudumia viwanda vidogo, vilionekana kulielewa hili zaidi, na bidhaa zao zilihitaji kazi ndogo sana kabla ya kuwekwa rafuni.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wenzangu hulisifu nami silikubali, nalo ni kwenda siku ya mwisho. Ni kweli kwamba siku hiyo bei huporomoka, kwa sababu fundi kutoka mbali hataki kulipia tena usafiri wa mzigo. Wapo wanaofika jioni ya kufunga na gari tupu na kuondoka nalo likiwa limejaa kwa nusu ya bei. Mimi naona hasara yake ni kubwa kuliko faida. Unabeba mabaki yaliyokataliwa na watu wote waliokutangulia, na fundi uliyemnunulia siku ya shida yake hatakuwekea kazi yake bora mwaka unaofuata. Nenda siku ya pili au ya tatu, siku ya kazi, asubuhi, wakati mabanda yamekwisha kupangwa na watu wana nafasi ya kuzungumza.

Kwa mwenye duka dogo la zawadi, la hotelini, la lango la hifadhi au la katikati ya mji, anayetaka rafu zake zisifanane na za jirani, nayapendekeza maonyesho haya bila kusita, ilimradi aende na fedha za malipo ya awali, fomu za oda na siku mbili kamili. Anayetafuta mzigo wa kubeba siku hiyohiyo kwa bei ya chini kabisa atapata nafuu zaidi akibaki sokoni.

Vikapu vya yule mama vilifika Mei kwa basi, vikiwa vimepachikwa vitatu vitatu, kimoja ndani ya kingine, na kati yake wameweka vipande vya khanga kuukuu ili rangi zisisuguane. Nilivigeuza vyote 60 kimoja kimoja juu ya kaunta na kuvisukuma kwa ncha ya kidole. Viwili viliyumba. Nilimpigia simu, akacheka kwa aibu, akasema hivyo vilisukwa na binti anayejifunza na kwamba ataleta vingine badala yake, na akaleta. Nilipoagiza mara ya pili aliniambia bei sasa ni 17,000, kwa sababu alikuwa ameketi na wenzake wakahesabu upya, wakaona tulisahau kuni za kuchemshia rangi. Nikatuma nusu ya fedha jioni ileile.